Kufundisha skwoshi Marekani: kazi ya chuo au kazi ya klabu?

Kocha kijana anayeitazama Marekani kutoka Parklands au Mombasa Sports Club mara nyingi huona kazi moja tu, ya chuo. Amemwona kocha wa Harvard au Yale pichani, koti lina nembo, nyuma yake korti zimepangana, na wachezaji wake ni vijana wa Misri, India na Malaysia ambao majina yao anayajua tangu mashindano ya vijana. Kazi hiyo ipo na ni nzuri. Ila pembeni yake kuna kazi ya klabu, ambayo ndiyo inayolisha makocha wengi zaidi, na kuna ya tatu, ya miradi ya vijana mijini, isiyosemwa sana. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua, na sitaficha ninakoegemea: kama raha yako ni kusimama kortini na mtu mmoja mpaka bekhendi yake inyooke, kazi ya chuo itakuchosha upesi kuliko unavyodhani.

Chuoni mambo yakoje

Skwoshi ya vyuo haina ubingwa wa NCAA, chombo kinachosimamia mpira wa kikapu na michezo mingine mikubwa ya vyuo. Ina chama chake, College Squash Association. Timu ni watu tisa. Namba moja wako anacheza na namba moja wa wenzako, namba tisa na namba tisa, na anayefikisha ushindi wa watu watano ameichukua mechi. Wanaume huwania Kombe la Potter, wanawake Kombe la Howe. Vyuo vyenye timu rasmi ni makumi machache tu, vingi vikiwa kaskazini mashariki: vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vya zamani vyenye jina kama Harvard na Yale, na vyuo vidogo kama Trinity, Williams na Middlebury. Kwa hiyo nafasi za kocha mkuu zinazofunguka kwa mwaka ni za kuhesabu kwa vidole.

Utaratibu huo wa watu tisa ndio unaoipa kazi sura yake. Pointi ya namba tisa ni sawa kabisa na pointi ya namba moja, basi kocha mwenye nyota mmoja na wadhaifu wanane hana timu. Trinity, chuo kidogo cha Hartford, kilishinda mechi 252 mfululizo kati ya 1998 na Januari 2012, Yale ilipokuja kuikata 5–4. Katikati ya hapo walitwaa ubingwa wa taifa mara 13 mfululizo chini ya Paul Assaiante. Mfululizo kama ule haubebwi na mtu mmoja aliye juu. Unabebwa na kina namba sita, saba na nane ambao watazamaji hawawajui, na ambao kocha aliwatafuta, akawaleta, akawafanya waamini kwamba korti ya pembeni ina uzito.

Sasa mfikirie namba kumi. Yeye hahesabiwi. Nafasi hupatikana kwa mechi za kuwania kati ya wachezaji wa timu moja, na kocha hushinda wiki nzima za mwanzo wa msimu akiwatazama marafiki wakinyang'anyana nafasi ya tisa. Jioni wanarudi bweni lile lile, wanakula meza moja. Kumwambia kijana wa miaka 20, aliyevuka bahari kwa ajili ya mchezo huu, kwamba Jumamosi atacheza pambano lisilohesabiwa ni sehemu ya kazi ambayo hakuna cheti cha ukocha kinachoifundisha. Pro, yaani kocha wa kulipwa wa klabu, hakutani na jambo hili. Mteja wake akifungwa mashindano ya Jumamosi, Jumanne somo linaendelea na pesa inaingia.

Halafu siku ya mechi yenyewe kocha wa chuo hafundishi sana. Mapambano kadhaa huenda kwa pamoja, mapumziko kati ya gemu ni mafupi, na yeye ni mmoja. Wachezaji hupeana maneno wenyewe kwa wenyewe. Kocha anachagua korti ipi asimame, na kuchagua vibaya kunauma.

Mchana wa huyu na mchana wa yule

Asubuhi ya kocha wa chuo ni ya mezani. Anaandikia wazazi wa kijana wa Cairo, anajibu ofisi ya udahili, anapanga basi la kwenda New Haven kucheza na Yale, anawaandikia wahitimu wa zamani waliochangia ukarabati wa korti. Mazoezi ni alasiri, masomo yakiisha. Mechi ni kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi. Nje ya msimu kanuni zinamwekea mipaka ya muda anaoweza kukaa na wachezaji wake kortini, na katika baadhi ya vyuo vidogo mipaka hiyo ni mikali kweli. Mtu aliyezoea kufundisha kila siku hujikuta mwezi wa Aprili ana raketi, ana korti, hana ruhusa.

Muda uliobaki unakwenda kwenye kusaka wachezaji. Desemba makocha wapo Philadelphia kwenye US Junior Open, mashindano ya vijana yanayojaza kituo cha skwoshi cha Specter Center na korti zake 20 na kumwagika hadi klabu za jirani. Januari wengine wanavuka kwenda Birmingham kwenye British Junior Open. Wanakaa na daftari, wanatazama watoto wa miaka 16 na 17, na wanajua mambo mawili: kila chuo kinatazama mtoto yule yule, na uamuzi wa mwisho si wao. Ivy League haitoi ufadhili wa michezo hata senti. Inatoa msaada kulingana na uwezo wa familia, na mtoto lazima apite darasani kwanza. Kocha anapeleka majina machache udahili na kusema, huyu namtaka. Baada ya kashfa ya rushwa ya udahili ya mwaka 2019, iliyowanasa makocha wa michezo kadhaa, vyuo vimezidi kuchunguza barua za makocha.

Klabuni siku huanza alfajiri na wanachama wanaotaka kutoa jasho kabla ya ofisi. Kuna wengine wa mchana. Kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku ni watoto, na Jumamosi na Jumapili ni mashindano yao. Ni kazi ya mwili. Saa sita au saba kortini kwa siku, siku sita kwa wiki, ukiwalishia watu mipira. Magoti na nyonga zitakuja kudai chao ukifika miaka 45. Kuna pia dabozi. Klabu nyingi za zamani za pwani ya mashariki zina korti kubwa ya futi 25 kwa 45, ambako watu wanne hucheza kwa mpira mgumu, mchezo ambao sisi wa korti za Kiingereza hatukukua nao. Wanachama matajiri, wenye umri, ndio wanaoupenda, na ndio wanaokaa kwenye kamati inayokuajiri. Anayekwenda kwenye usaili wa klabu bila kuwahi kuishika dabozi anajipunguzia thamani bure.

Kazi hizi mbili zimefungamana kuliko zinavyoonekana. Kwa nini mzazi wa Connecticut alipe somo la mtoto mara nne kwa wiki? Anaupenda mchezo, sawa, lakini anajua pia kwamba skwoshi ni mchezo mdogo unaochezwa na vyuo vikubwa. Pro wa klabu anauza matumaini ya mlango ambao kocha wa chuo ameshika nusu ya ufunguo wake. Ndiyo maana wawili hawa wanapigiana simu sana, na ndiyo maana mtu mwenye akili hatukani kazi moja anapoifanya nyingine.

Pesa, na kilicho nyuma ya pesa

Mwaka hadi mwaka, pro mchapakazi wa klabu nzuri atamzidi kocha msaidizi wa chuo kwa mbali, na mara nyingine hata kocha mkuu. Somo la binafsi la saa moja katika miji kama New York au Boston hupita dola 100 bila mtu kushangaa, na pro hubaki na sehemu kubwa ya pesa hiyo juu ya mshahara wa msingi. Ongeza kufunga nyuzi za raketi, kambi za likizo, duka. Hasara yake ni kwamba usipokuwa kortini huingizi kitu. Ukiteguka kifundo mwezi wa Novemba, ndipo utakapojua mkataba wako ulisemaje. Julai na Agosti wanachama wako ufukweni.

Mshahara wa chuo ni tulivu. Kocha msaidizi analipwa kidogo, tena kidogo cha kuumiza ukizingatia kodi ya nyumba katika miji hiyo, na wengi huongezea kwa kambi za kiangazi. Lakini kuna bima ya afya, mfuko wa uzeeni, na jambo moja ambalo vijana hulipuuza mpaka wapate watoto: vyuo vingi binafsi huwalipia watoto wa wafanyakazi karo, yote au sehemu. Karo ya mwaka katika vyuo vya aina hii imeshapita dola 60,000 kabla ya chakula na malazi. Mwenye watoto watatu akipiga hesabu hiyo, mshahara mdogo wa chuo unageuka sura. Uliza faida hiyo huanza baada ya miaka mingapi ya kazi, maana si ya siku ya kwanza.

Hapa ndipo ninapomtenganisha msomaji wa miaka 24 na wa miaka 40. Wa 24 asiye na familia, klabu kwanza. Atajifunza kufundisha kwa kufundisha, atalipwa, atajuana na watoto watakaoingia vyuoni. Wa 40 mwenye watoto na kiwiko kinachouma, apambane kuingia chuo, hata kama ni kwa cheo cha chini.

Nani anaweza kukuondoa

Watu husema chuo ni salama. Si lazima. Mei 2020 Brown ilitangaza kuiondoa skwoshi, wanaume na wanawake, kwenye orodha ya timu zake rasmi. Julai mwaka huo huo Stanford ikatangaza kufuta michezo 11, skwoshi ya wanawake ikiwemo. Stanford ilibadili msimamo Mei 2021 baada ya wahitimu wake kupiga kelele na kuchangisha. Skwoshi ya Brown haikurudi. Mtu anayefundisha mchezo usioingiza pesa ya televisheni anaweza kushinda mechi zote na bado akapoteza kazi kwenye kikao ambacho hakualikwa. Baadhi ya nafasi za ukocha zina mfuko wa kudumu uliochangwa na wahitimu ili kulipa mshahara wa kocha milele. Nafasi ya namna hiyo ina thamani kuliko korti mpya za vioo.

Klabuni hatari ina uso na jina. Ni kamati. Mwenyekiti mpya ana rafiki yake, au mtoto wa mwanachama mzito hajapanda kwenye viwango, basi maneno yanaanza. Lakini pro aliyefukuzwa klabu moja hupata nyingine upesi, na wateja wengine humfuata. Kocha wa chuo aliyepoteza timu anasubiri mtu mwingine astaafu mahali fulani.

Na chuoni unawajibika kwa mambo yasiyo yako. Februari 2010, mchezaji namba moja wa Trinity alipomaliza fainali ya ubingwa alimfokea usoni mpinzani wake wa Yale. Video ikasambaa nchi nzima, kijana akaomba radhi na kujiondoa kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja, na kocha aliyekuwa ametoka kushinda ubingwa mwingine akalazimika kueleza malezi badala ya ushindi. Klabuni, mteja akikosa adabu, kamati ndiyo inayomwandikia barua.

Karatasi za uhamiaji

Kwa sisi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania au Uganda, hapa chuo kina faida. Viza za kazi za H-1B zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka na hugawanywa kwa bahati nasibu. Vyuo vikuu viko nje ya kikomo hicho, klabu ziko ndani. Bado ofisi ya uhamiaji inataka kazi iwe ya kuhitaji shahada mahususi, na si kila kazi ya ukocha hupita kwenye tundu hilo. Septemba 2025 serikali ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa watu walio nje ya nchi, ada ambayo ni vigumu kuona klabu au chuo kidogo kikiilipa kwa ajili ya kocha msaidizi. Wachezaji wa kulipwa wenye majina hupitia viza nyingine za watu wenye vipaji vya pekee.

Kwa hali ilivyo, njia iliyonyooka zaidi kwa kijana wetu ni kuingia kama mwanafunzi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii pochi ya mwombaji wa nje wanapomdahili, na humlipia asichoweza. Akimaliza ana mwaka mmoja wa kufanya kazi inayohusiana na alichosomea. Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa wanaume mwaka 2024 chini ya Gilly Lane, aliyekuwa mchezaji wa Penn hiyo hiyo kabla ya kwenda kucheza kulipwa. Gail Ramsay alikuwa bingwa wa vyuo mara nne akiwa Penn State, akawa kocha wa wanawake Princeton kuanzia 1994, na kombe la mtu mmoja mmoja la wanawake likapewa jina lake. Vyuo hupenda watu waliopita vyuoni.

Lazima uwe umekuwa mchezaji mkubwa?

Ukitazama orodha ya makocha unaweza kuogopa. John White, aliyewahi kuwa namba moja duniani, alikwenda Franklin & Marshall kisha Drexel. Thierry Lincou wa Ufaransa, bingwa wa dunia wa 2004, alikwenda MIT. Milango hiyo ilifunguka kwa sababu vyuo viliacha mpira mgumu wa Kimarekani na korti zake nyembamba, vikahamia mchezo wa kimataifa katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo ujuzi wa mtu wa Karachi au Nairobi haukuwa na soko kubwa huko.

Lakini Assaiante, mwenye zile mechi 252, chuoni kwake alikuwa mwanasarakasi wa jimnastiki, si mchezaji wa skwoshi. Na Mike Way, aliyekwenda Harvard mwaka 2010, sifa yake ilikuwa kumfundisha Jonathon Power wa Kanada mpaka akawa namba moja duniani. Chini yake walipita Ali Farag wa Misri, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, na Amanda Sobhy wa Marekani, ambaye hakupoteza hata pambano moja la chuo kwa miaka minne. Jina la mchezaji hukuingiza kwenye usaili; chuoni linakwisha nguvu msimu wa pili. Klabuni linadumu zaidi, maana wanachama hupenda kusema wanafundishwa na fulani.

Kazi ya tatu

SquashBusters ilianza Boston mwaka 1996, StreetSquash ikafuata Harlem, na miji mingi sasa ina mradi wa namna hiyo: watoto wa familia za kipato cha chini wanapata skwoshi na msaada wa masomo kwa miaka kadhaa, bure. Kocha hapa anafundisha volii, anasimamia kazi za shule, anaendesha gari la kuwarudisha watoto nyumbani, na anahudhuria hafla za wafadhili. Mshahara ni wa shirika lisilo la faida. Anayekuja na mwalimu ndani yake atafurahi, anayekuja kutafuta bingwa wa taifa ataondoka mwaka wa kwanza. Kwa kijana anayetaka kuonekana na vyuo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa baadhi ya miradi hii inatumia korti za chuo au imejengwa ndani ya chuo chenyewe, kama SquashBusters ilivyo Northeastern.

Kabla ya kusaini

Vyuo huajiri zaidi msimu ukishaisha, kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka. Klabu hutafuta watu wa kuanza Septemba. Kwenye usaili wa chuo usiulize sana kuhusu korti. Uliza udahili unapokea majina mangapi ya kocha kwa mwaka, nafasi yako ina mfuko wake au inategemea bajeti ya michezo, msaidizi ni wa muda wote au wa saa chache, na kocha mmoja anashika timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, kama ilivyo kwingine. Ukiambiwa zote mbili, msaidizi ni wa saa chache na majina ya udahili ni mawili, jua unaajiriwa kuendesha mabasi.

Klabuni uliza asilimia ya somo unayobaki nayo, Julai unalipwa nini, bima ya afya huanza siku gani, na ukiondoka unaruhusiwa kufundisha umbali gani kutoka hapo. Hilo la mwisho limo kwenye mikataba mingi, limeandikwa kwa herufi ndogo, na wengi hulisoma siku wanapoaga.